Hereni za Njano

Kwako Dada Naishorua,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti lako bado linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Sisi hapa Karatu hatujambo. Kitambi changu kimeongezeka. Mke wangu Felista anasema siku hizi kinafika nyumbani kabla yangu.

Felista amerudi juzi kutoka huko Engaresero kuuza mashuka, akanieleza yote. Ndama kumi na mmoja wamekufa, wote wana hereni zangu za njano, alama ya chanjo, masikioni. Shemeji Tajewo amewaambia wazee kwamba uliwapeleka kwenye majani ya kupe kwa uvivu wako, na ng'ombe wa kukamua amewahamishia kwa mke mwenzio. Nilimsikiliza huku nakula ugali. Sikuonja ladha yoyote, ila niliumaliza.

Siku ile ya chanjo ulinitania kwamba nawachoma ndama ugonjwa ule ule wa kupe, ndigana kali. Nikakujibu kiprofesa: mwilini mna morani wengi, na kila mmoja anamtambua adui mmoja tu. Sisi tunamwingiza adui akiwa hai, kisha tunamfunga mikono kwa sindano ya pili, ya dawa. Morani anayemtambua anajizidisha, anakuwa kundi zima, na vita ikiisha wachache wanabaki wakimkumbuka. Siku kupe akimleta tena, anakuta anasubiriwa. Ukacheka, ukasema basi ndama ana kumbukumbu kunishinda.

Dada, chanjo ile hukaa kwenye mtungi wa baridi kali, na ikishayeyuka ni ya saa chache tu. Mimi niliiyeyusha jana yake, bomani kwa Kimaren. Walinikaribisha nyama, nikakaa mpaka jua likazama. Kesho yake nikaja kwako na masalia. Nilijua yamekufa. Niliona aibu kukufikia mikono mitupu, mimi mtaalamu wenu, nikachoma, nikawavisha hereni. Adui mfu hamfundishi morani yeyote. Ndama wako hawakuwa na cha kukumbuka. Na mimi ndiye niliyekuambia sasa usiyaogope majani yale.

Mpe Tajewo barua hii aisome kwa sauti mbele ya wazee wale wale. Asiruke neno, hata hapo kwenye nyama. Jumamosi nitakuja nisimame mbele yao. Tangu juzi sihisi kitu. Labda huko nitahisi.

Wasalimie watoto, na mke mwenzio pia. Yeye hana kosa, wala wewe.

Mdogo wako,
Mepukori