Mdogo Wangu Ametulia, na Mimi Peke Yangu Najua Kwa Nini

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo nimelibeba moyoni tangu Pasaka. Mdogo wangu Mwambire ana miaka ishirini, alipokuwa kidato cha tatu alianza kusikia sauti za watu wasioonekana wakimtukana, akaacha shule, akawa usiku halali, anabishana na ukuta, baba akampeleka Jilore kwa mganga ambaye ni ami yake baba, akapungwa pepo siku tatu, akavishwa hirizi na kupewa mwiko kwamba asichomwe sindano wala asimeze dawa ya hospitali mpaka mwaka uishe, na kweli baada ya wiki chache akatulia, analala, anakula, anatembeza wageni ufuoni, sote tukamshukuru mganga, mimi mwenyewe nikampelekea leso na sukari.

Kisha siku moja nafua suruali yake nikakuta mfukoni ile karatasi ya pakiti ya sigara inayong'aa, imeungua katikati, nikamuuliza, hakuficha, akasema, "Dada, ni unga. Wenzangu wa ufuoni walinionjesha. Nikivuta, wale watu wananyamaza. Usimwambie baba." Nikanyamaza. Sasa amekonda, akiukosa anatetemeka na kutapika, baba anasema ni homa, na kwa kuwa anaamini mtoto amepona ameshapeleka posa kwa kina Kadzo, harusi ni Desemba, na Kadzo, ambaye tunafua shuka pamoja hotelini, ameniuliza kama Mwambire alipona kweli nami nikamwambia ndiyo. Nikisema, baba atamfukuza. Nikimnyang'anya unga, zile sauti zitarudi. Nifanye nini?

Dorcas, Malindi

Dorcas, marahaba. Pole, mzigo huu ni mkubwa kwa mtu mmoja. Lakini pole haitamtibu Mwambire, kwa hiyo tusikilizane.

Mdogo wako hakupona. Ana ugonjwa wa akili, ambao ni ugonjwa kama mwingine, na hakuutafuta. Mlimkataza dawa, naye akajitafutia yake. Usimwone mhuni. Alitaka matusi yakome kichwani, na wa kwanza kumpa kitu kilichoyakomesha alikuwa mvuta unga. Sasa ana maradhi mawili, na haya ya pili yanaweza kumuua upesi kuliko ya kwanza.

Kwako wewe nina ugomvi. Umejua tangu Pasaka, na juu ya hapo umemdanganya msichana anayekuamini. Nenda kwa Kadzo wiki hii, umwambie ukweli, na harusi ingoje.

Usimfungie chumbani wala usiutupe unga wake chooni ukadhani umemtibu. Mpeleke hospitali ya wilaya, uingie naye kwa daktari, museme yote mawili, sauti na unga. Wengi husema moja wakaficha jingine, kisha wakalaumu dawa. Mkielekezwa Mombasa, nendeni. Ujue pia kwamba akiacha kwa siku kadhaa kisha akarudia kiasi kile kile, anaweza kulala asiamke. Ukimkuta anakoroma na haamshiki, usingoje ruhusa ya mtu, mkimbize hospitali.

Baba yako usimkabili peke yako. Mtafute mjomba wenu, ndugu ya mama, akaseme naye. Asianze kwa kumtukana mganga, maana huyo ni ami yake baba na mazungumzo yatakwisha hapo hapo. Hirizi ibaki shingoni kama baba anaitaka, haimzuii mtu kumeza kidonge. Mwiko ndio uondolewe, na kwa kuwa aliyeuweka ndiye wa kuuondoa, mjomba na baba waende Jilore wakamwombe. Akikataa, hospitali mwende vivyo hivyo.

Mwambire atasema umemsaliti. Atakununia, pengine mwaka mzima, pengine hata chakula chako asile. Mwache anune, mradi yuko hai wa kununa.