Kukata Nusu Mpaka Ijumaa Yako

Zuhura, mtani wangu,

Nakuandikia nikiwa bado na hasira, na nyingine ni juu yako wewe. Juzi ulinitia matatani kweli kweli, na haupo nigombane nawe.

Tangu ulipofariki maabara ya kompyuta ilifungwa kwa kufuli. Juzi mkuu wa shule kanipa vipindi vyako, eti hesabu na kompyuta ni ndugu. Nimefungua mlango, kompyuta zote zipo, projekta haipo rafuni. Ufunguo wa akiba anakaa nao mlinzi wetu, Mzee Saidi. Unamjua mkuu. Akasema projekta ionekane kabla ya jioni, la sivyo mzee anaondoka na polisi. Mzee alivua kofia tu. Hata kujitetea hakujitetea.

Nikasema nipeni kamera ya maabara. Inatunza miezi miwili, na kuitazama yote tungezeeka. Ndipo nikakusikia: "Usitafute kama karani, kata nusu!" Ulivyokuwaga unawaambia kidato cha kwanza: unatafuta neno kwenye kamusi, fungua katikati. Neno lako liko mbele? Kurasa za nyuma achana nazo, hutazigusa tena. Kata tena. Watoto walidhani ni mchezo, kumbe umewapa algorithimu, njia ya kompyuta ya kutafuta. Na uliwakazania kwamba inafaa kwa vitu vilivyopangwa tu, maana kamusi iliyovurugwa kurasa haikuambii kitu ukiifungua katikati. Siku nazo zimepangwa. Kabla ya wizi projekta ipo, baada yake haipo. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mpaka.

Nikafungua siku ya katikati. Rafu tupu. Basi iliondoka kabla ya hapo. Nikakata mwezi uliobaki, tupu. Nikakata tena, tupu. Mwanzoni niliona raha, hesabu inakubali. Kisha nikatazama tarehe, raha ikaisha. Nilikuwa narudi kwako. Nikagusa Jumapili ile ya ajali ya bodaboda. Tupu. Zuhura, ulikuwa hata hujazikwa na projekta ilishaondoka, na siku hizo aliyekuwa anaingia mule ni wewe.

Nikamfuata Mzee Saidi getini. Alipouona uso wangu akajua. Akaniambia taratibu, "Nilimwona akitoka nayo, mwalimu. Alisema Jumatatu ataileta. Sasa nimseme marehemu, yeye atajitetea vipi?" Nikamuuliza kwa hiyo yuko tayari kulala mahabusu. Akasema yeye bado ana mdomo, atajieleza huko huko. Nilitamani kumfokea. Nilitamani pia kukaa pale chini mchangani nilie. Kamera ile inajifuta yenyewe, kumbukumbu ikijaa inafuta siku ya zamani zaidi ili kupisha mpya, na siku zako ndizo zilizokuwa zinafuata kufutwa. Ningenyamaza kidogo tu, jina lako lingebaki safi na mzee angeondoka.

Nikamwita mkuu.

Nikakata mara ya mwisho: Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya ajali. Unaingia. Sikuwa nimekuona ukitembea tangu tukuzike. Umevaa mtandio wa zambarau. Unaishusha projekta, unaifunga kwenye shuka, unaitia mkobani, unavuta zipu. Unageukia mlangoni, unacheka mpaka mabega yanatikisika. Mkuu akasema, "Kumbe." Neno moja, lakini lilinichoma, maana nilijua anachofikiri. Sikujua uliipeleka wapi.

Tukaenda kwa mama yako Vingunguti, mie, mkuu na Mzee Saidi. Shikamoo zenyewe tulizitoa kwa aibu. Mama akasema chumba chako hajakigusa, hata arobaini imepita ameshindwa. Akatufungulia. Mkoba upo kwenye msumari. Projekta imo, imefungwa vizuri, ila shuka limejaa alama za vidole vya watoto. Mama akatueleza kwamba Jumamosi ile ulilitundika ukutani uani, ukawafundisha watoto wa mtaa mpaka giza likaingia. "Mpaka leo wananiuliza, bibi, somo lini tena?" Mkuu akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Akamwomba Mzee Saidi radhi mbele yetu sote, na mzee akaitikia kwa kichwa tu.

Mama aliposikia kuna picha yako inayotembea, akataka kuiona. Nilikuwa nimeihamishia kwenye simu kabla haijafutika. Aliitazama, akaniomba niirudie, nikairudia. Kisha akauliza, "Hapo anacheka na nani?"

Nikamwambia, "Na mie, mama." Kule shule sikuliona, lakini ukingoni mwa picha, pale mlangoni, kuna bega la mtu, na ni langu. Nilikuja kukuhimiza tuondoke, ukanitania kitu, ukacheka, mie nikatangulia. Nimeikata Ijumaa ile kichwani, saa kwa saa, nusu kwa nusu, na sikumbuki ulisema nini. Inaniuma, Zuhura. Msibani kwako nilitakiwa kutania kama mtani, nikashindwa, na sasa hata utani wako wa mwisho umenipotea.

Mkuu amekubali projekta iende Vingunguti kila Jumamosi. Nakuahidi nitakuwepo uani kwa mama, na watoto wako watajua kukata nusu kuliko mie. Lala salama, mtani. Kama kuna njia ya kunirudishia maneno yale, hata ndotoni, nirudishie.

Mtani wako,
Anjela