Shingo ya Kamera, Mistari ya Baba

Jumanne, 4 Novemba

Nimekamua. Nimepeleka maziwa. Betri zote zimejaa. Ukungu ulipoondoka nikabeba droni hadi shamba la ng'ambo ya kijito, nikaiweka chini, nikaiwasha. Kamera ikatetemeka kama mtu mwenye malaria, ikaangalia chini, ikakataa kuinuka. Simu ikaniandikia kwamba mota ya gimbal imezidiwa. Imezidiwa na nini? Haijabeba hata jani.

Gimbal ni ile shingo ndogo inayoshika kamera ili droni ikiyumba picha isiyumbe. Shingo ikifa, droni yote ni nzi mkubwa wa kelele. Juzi tu nilipiga nayo koito, sherehe ya posa, ya watu huko Kipkelion, wazee wakijadili mahari ndani ya nyumba, mimi juu ya paa, na picha imetulia. Leo, siku ya kumpigia Baba picha za chai yake, ndiyo imeamua kuringa.

Kioo cha kamera kilikuwa na madoa. Sijui nani amekishika. Nikakifuta kwa sweta, nikajaribu tena. Wapi.

Jioni kaka yangu Kiplangat amepiga simu. Trekta ya kung'oa ile chai inakuja Jumamosi ya wiki ijayo na haisogezwi. Ameikodi kwa shida, anasema. Nimekata simu kabla sijasema neno baya.

Jumatano, 5 Novemba

Niandike vizuri kwa nini nina hasira, maana Kiplangat anadhani nalilia kifaa.

Baba hana ugomvi na kung'oa. Michai imezeeka, amekubali mwenyewe. Lakini tangu kiharusi kilipomshika upande wa kushoto hajavuka kijito. Ameomba kitu kimoja tu. Aone mistari kutoka juu kabla haijaondoka.

Yeye na Mama walilipanda lile shamba wakiwa wameoana juzijuzi. Yeye alianzia upande wa kijito, Mama upande wa barabara, kila mmoja na kamba yake ya mkonge na vijiti vyake. Katikati kuna nundu, huwezi kusimama huku ukaona kule. Walipofika juu ya nundu, mistari haikukutana. Ilipishana kwa hatua nzima. Mpaka leo wachumaji wakifika hapo wanageuka ubavu na kikapu ili wapite. Baba alisema kamba ya Mama ililegea. Mama alisema Baba alikuwa akisimama kupiga domo na kila mpita njia. Walibishana miaka yote. Kwa mzaha, mara nyingi. Mara nyingine si kwa mzaha. Mama amekufa bila jibu.

Kutoka juu jibu litaonekana. Nusu moja imenyooka na nusu moja imepinda. Basi. Hilo tu ndilo anataka mzee, na trekta inakuja.

Nimeenda asubuhi nikapiga video kwa simu, nikitembea. Baba ameangalia, akanirudishia simu. "Hiyo ni chai ya mtu yeyote."

Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbili za kutazama video za mafundi wa mtandaoni. Wote wana meza nyeupe na mikono misafi. Hakuna hata mmoja mwenye ng'ombe.

Nimefanya yote. Nimehakikisha kile kifuniko cha plastiki cha kamera kimetolewa. Nimeangalia kama kuna jani au mchanga. Nimebonyeza vile vipira vinne vya kuzuia mtikisiko, vyote viko. Nimeizima na kuiwasha mpaka nikaona haya. Nimeisawazisha kwa simu, ile hatua ya kuambiwa weka droni mahali tambarare na usiiguse. Nikaiweka verandani. Ikasema tayari. Nikairusha uani, na nyumba yetu ikatokea imelala upande kama imelewa.

Halafu kuna jambo la ajabu. Asubuhi shingo ni ngumu kabisa. Saa sita, jua likiwaka, inajongea. Jioni imeganda tena. Nikasema ni baridi. Watengenezaji hawajawahi kuamka Bomet mwezi huu, hiyo ndiyo shida yao. Nikaisogeza karibu na moto jikoni, ikapata joto, ikageuka vizuri kabisa mara mbili tatu. Nikapiga makofi. Nikaitoa nje. Ikakwama vibaya kuliko mwanzo.

Senge alikuwa anapika. Senge ni dada ya Baba, ndiye anayemtunza tangu augue. Aliniangalia nikiiotesha moto hiyo droni, akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ananihurumia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeipeleka Kericho kwa fundi. Ochieng, ana kibanda cha kioo karibu na stendi, hutengeneza simu na sasa droni. Alikuja hapa kutoka upande wa ziwa kwa kazi ya kiwanda cha chai, akaacha, akafungua kibanda. Nimemweleza habari ya mistari na trekta ya Jumamosi ijayo. Akaandika jina langu kwa karatasi akaigandisha juu ya droni. "Kuja Monday, madam."

Jumatatu! Nimemwambia mzee wangu anasubiri. Akasema hata hawa wengine wana wazee. Ni kweli, lakini imeniuma.

Mvua imeninyeshea njia nzima ya kurudi. Baba ameuliza, "Imeenda?" Nikasema iko hospitali. Akacheka kwa ule upande unaocheka.

Jumatatu, 10 Novemba

Sijawahi kutukanwa hivi.

Ochieng alikuwa ameifungua, shingo yote vipande vipande juu ya kitambaa. Akanionyesha kwa bisibisi. "Madam, hii kitu imejaa mafuta. Mpaka ndani ya mota. Mlikuwa mnakaanga nayo?"

Watu wawili waliokuwa wakingoja simu zao wakacheka. Mimi! Mimi ninayekibeba kifaa kile ndani ya begi lake, ndani ya shuka, kwa uangalifu kuliko nilivyobebwa mimi! Nilipoangalia, kando ya mkono wake kulikuwa na karatasi ya chipsi. Wazi kabisa, inang'aa. Nikamwambia aangalie vidole vyake kabla ya kuangalia jikoni kwangu. Nikamwambia mengine. Nikasema hivyo ndivyo mafundi mnavyoharibu vitu vya watu halafu mnawasingizia. Nilipaza sauti. Watu wa stendi waligeuka.

Alichukua ile karatasi ya chipsi akaitupa, akasema kwa upole, "Hii si ya chips. Hii iko na harufu ya maziwa."

Nikaondoka. Droni nimeiacha hapo mezani, ningeibebaje ikiwa vipande?

Harufu ya maziwa. Mtu mzima na akili zake.

Jumanne, 11 Novemba

Nimejua.

Nilikuwa nikimsimulia Senge ufedhuli wa yule fundi, nikiwa nimesimama, nikipiga meza. Nilipofika kwenye mafuta Senge akaketi. Akasema, "Chepkoech, ngoja." Akaangalia mlango wa chumba cha Baba kama umefungwa.

Ile Jumatatu ya wiki jana jioni, siku moja kabla sijaenda shambani, nilikuwa nimeiweka droni juu ya meza ya Baba nikamwambia kesho inakwenda kuona chai yako. Nikaenda kuoga. Baba akamwita Senge, akamwomba ile siagi ya kienyeji iliyo kwenye kibuyu, ya kupaka watu wa koito kichwani. Ile tunayopakwa tukitumwa mbali. Senge akaishika droni kwa mikono miwili. Baba akachovya kidole cha mkono ule mzima. Akaipaka kwenye jicho, akaipaka kwenye shingo, akazungusha mpaka ndani, akaibariki ione vizuri, iende salama, irudi. Alichukua muda wake. Senge alifuta kioo kwa leso, akaona inatosha.

Asubuhi baridi inaigandisha. Mchana inayeyuka. Na mimi nikaiweka motoni ikatiririka mpaka ndani ya mota.

Nimekasirika nikakosa mtu wa kumkasirikia. Nilitoka nje nikaupiga teke mtungi wa maziwa, mtupu, lakini ng'ombe walishtuka. Siku nzima nimekasirikia hata siagi. Ningemkemea nani? Senge aliyeshika? Mzee aliyefanya kile ambacho baba hufanya?

Senge aliuliza kama atamwambia. Nikasema akithubutu tutakosana. Baba asijue kamwe.

Jumatano, 12 Novemba

Nimerudi Kericho. Njia yote nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofika nikasema tu, "Ni siagi. Ni baba yangu aliibariki. Nimekukosea, Ochieng."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema mama yake huko kwao aliombea pikipiki yake kwa maji, akamwaga mengi hadi kwa plagi, ikakataa kuwaka siku ya kwanza kabisa. Alikuwa tayari amesafisha kila kipande kwa spiriti, mota akazikausha, akairudishia shingo yake yote. Alikuwa ameimaliza jana, ingawa nilikuwa nimemwacha na matusi. Hilo limeniaibisha zaidi ya kucheka.

Akaiwasha. Kamera ikainua uso, ikaangalia kulia, ikaangalia kushoto, ikatulia. Karibu nimkumbatie.

"Lakini usawazishe upya," akasema. "Na uweke mahali flat. Flat kabisa. Kama ni mistari mzee anataka kuangalia, ikiinama kidogo utamdanganya."

Alhamisi, 13 Novemba

Mahali tambarare. Haya basi, nitafutieni Bomet.

Veranda inainama, imejengwa hivyo ili maji ya mvua yatoke. Ndiyo maana nyumba ilionekana imelewa. Meza ya sebuleni inayumba. Sakafu ya zizi usiseme. Kiplangat amekuja kuangalia njia ya trekta, nikamnyang'anya pima maji yake ya ujenzi na kuzunguka nayo boma lote kama mwendawazimu. Kile kipovu cha hewa ndani yake hakikukaa katikati popote. Maisha yangu yote nimeishi kwenye mteremko nikiuita uwanja.

Halafu nikakumbuka kaburi la Mama. Baba alimsimamia fundi wa saruji siku ile, akakataa, akamrudisha, mpaka kipovu kikasimama. Nikaweka pima maji juu yake. Kimesimama. Huku na huku.

Nikamwomba Mama radhi. Nikaiweka droni juu, nikaondoka hatua kadhaa, ikajizungusha yenyewe mpaka ikasema tayari.

Kiplangat alikuwa akitazama. "Si haki," akasema. "Mama amefanywa refa wa kesi yake mwenyewe." Ni mara ya kwanza tumecheka pamoja tangu habari ya trekta. Nikamwomba tena aisogeze. Akasema hawezi, ikitoka hapa inakwenda Kaplong kwa watu wengine. Nikarudi kukasirika.

Ijumaa, 14 Novemba

Ukungu haukuondoka mpaka karibu saa tano. Nilisimama juu ya nundu nikiulaani. Upande wa magharibi wingu la mvua lilikuwa tayari limekaa. Ulipofunguka nikairusha papo hapo.

Shingo haikutetemeka hata kidogo. Nimepita kutoka kijito hadi barabara, polepole, nikarudi, nikapanda juu zaidi. Kwenye simu jua lilikuwa likiakisi, sikuona vizuri, niliona kijani tu na alama za mistari. Matone ya kwanza yakaanza nikaishusha.

Imo. Imerekodiwa. Nikakimbia nyumbani kama mtoto aliyepita mtihani.

Stima hakuna. Imepotea na mvua, mti umeangukia waya huko chini, wamesema watakuja. Watakuja! Kwenye simu Baba haoni mistari midogo hivyo, macho yake yanataka televisheni. Nimempigia kila mtu ninayemjua mwenye jenereta. Hakuna. Nimeketi gizani nikiwa na jibu mfukoni.

Baba amesema, "Tulia. Imeshapigwa." Sijatulia.

Jumapili, 16 Novemba

Stima imerudi wakati wa kanisa. Kule ng'ambo sasa ni udongo mwekundu. Jana tulisikia trekta kutoka hapa siku nzima, Baba alikuwa ameomba kiti chake kiwekwe mlangoni.

Leo baada ya chakula nikaunganisha. Kiplangat alikuwepo, Senge pia. Shamba likatokea, lote, na nundu katikati. Upande wa barabara, wa Mama, mistari imenyooka kama kamba yake ilivyovutwa. Upande wa kijito, kila mstari umekwenda vizuri kidogo, ukapinda, ukajirudi, ukapinda tena. Unaweza kuona mahali mtu alisimama kuongea.

Kiplangat aliangalia viatu vyake.

Nikaona uso wa mzee. Nikasema, "Baba, hiyo kamera bado inainama kidogo. Fundi hakuimaliza."

Baba akainua ule mkono mzima ninyamaze. "Usisingizie kamera. Niliipaka mafuta mimi mwenyewe. Inaona."

Senge akainuka haraka akaenda jikoni.

Aliomba irudiwe. Nikairudisha mwanzo. Upande wake akauangalia mara moja tu. Ulipofika wa Mama aliniambia nisimamishe picha, nikaisimamisha, na tukakaa hivyo mpaka wakati wa kukamua.