Nani Aliwaambia Kuhusu Kichwa Changu

Sironga, Ijumaa jioni, 1972

Mvua ya mawe ilipiga kuanzia saa nane na sasa imeacha. Uwanja wa shule umejaa majani ya mikaratusi yaliyochanika, na baridi inaingia chini ya mlango. Naandika upesi kwa sababu jua likizama Sabato inaingia, na sitaki kwenda kanisani kesho nikiwa nimebeba haya kifuani peke yangu.

Nimefanya jambo baya. Nitaanza na nywele, kwa kuwa ndiko lilikoanzia.

Nina miaka ishirini na minane. Tangu mwaka juzi nywele za mbele zinanikimbia pande zote mbili, zimebaki kipande katikati kama ulimi. Marehemu baba alizikwa na nywele zake zote. Kwa hiyo nikaanza kushuku. Nilimshuku kwanza kinyozi wa Mosocho, yule anayefagia nywele za wateja na kuzitia kwenye gunia. Nikawa najiuliza gunia lile huenda wapi, na nani hulifungua. Mimi, mwalimu, ninayefundisha watoto wa watu sayansi! Nikawa naokota nywele zangu mwenyewe, nazifunga kwenye gazeti na kuzitupa chooni. Hazikuacha kutoka. Nikahamia kushuku maji ya kisima, kisha sabuni.

Mwishowe nikanunua kofia Kisii mjini, ya kijivu. Tangu nianze kumchumbia Kemunto sijaivua mbele yake nikijua. Kemunto ni mshonaji, ana cherehani yake kwenye baraza la duka pale Suneka. Vijana wanaopita barazani kwake wamefuga nywele kama kichaka na kuchomeka chanuo juu. Mimi nakaa pale na kofia kama mgeni anayetaka kuaga.

Mtu mmoja tu alijua siri yangu. Onsongo, mwalimu mwenzangu, ambaye tunakaa naye nyumba hii ya walimu. Asubuhi moja alinikuta nikijipaka maji ya kitunguu kichwani, akacheka hadi akakaa chini.

"Zakaria," akasema, "hicho kitunguu afadhali ungekikaanga."

Sikucheka. Nililiweka moyoni neno lile.

Jumapili iliyopita Onsongo akiwa kwao, alikuja mgeni bila taarifa: baba mdogo wa Kemunto, mzee Nyakundi. Nilimpa kiti, nikamwekea chai. Hakuigusa.

"Mwalimu, vua kofia tusalimiane vizuri."

Nikavua. Alikitazama kichwa changu kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe wa mnadani.

"Ulitahiriwa mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Na kina nani?"

Nikamtajia watano. Aliyarudia majina yao polepole, moja moja, ili ayashike.

"Nitawatafuta niwaulize," akasema. "Tumesikia kichwa chako ni cha mtu mzima. Mtu mzima huwa na mke mahali. Huko Kericho kwenye majani chai wako wengi wa namna hiyo, halafu wanakuja kwetu wakijiita vijana."

Akaondoka. Chai ilikuwa imeshika utando.

Tumesikia. Neno hilo lilinikaa kichwani siku nzima. Wamesikia kwa nani? Nilihesabu watu, na kila nilipohesabu nilirudi kwa mmoja. Mwezi uliopita Onsongo alikwenda kwa Kemunto kushonewa suruali. Suruali moja ilimpeleka Suneka mara mbili. Mara ya pili alirudi akipiga mluzi, nami nilipomuuliza walizungumza nini, akasema, "Mambo ya suruali tu."

Nilikuwa na hakika. Sikuwa na ushahidi wowote, lakini hakika nilikuwa nayo.

Mama yake Onsongo ni mgonjwa. Kila mwisho wa juma yeye huenda kumtazama, na Jumatatu hufika shuleni kengele ya mapumziko ikikaribia. Tulikuwa tumepatana: mimi namshikia darasa mpaka afike. Ni miezi minne sasa. Jumatatu hii sikulishika. Niliacha watoto wa darasa la tano wapige kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini.

"Onsongo yuko wapi?"

"Sijui, mwalimu. Kila Jumatatu ni hivi."

Maneno machache tu. Nilijisikia mwepesi, naungama, nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Jumatano Onsongo alipewa barua. Jumatatu ijayo atasimama mbele ya kamati ya shule aeleze kwa nini asiondolewe kazini. Jioni hiyo alinisomea barua yote kwa sauti, hapa mezani. Nilisema, "Pole." Nilimtazama usoni nikitafuta kama ananishuku. Sikuona kitu, na hata hilo nikalishuku.

Leo sasa.

Ijumaa tunafunga mapema. Kemunto alikuwa ameleta sare alizoshona kwa ajili ya shule moja ya jirani, na mvua ya mawe ikamkuta karibu na kwetu. Tulisimama kwenye baraza la darasa la kwanza. Mawe yalipiga mabati kwa kelele hata ikabidi aniambie karibu na sikio.

"Mwalimu, baba mdogo alikuja?"

"Alikuja. Na ninamjua aliyemtuma."

"Unamjua?" Aliniangalia kwa mshangao. "Nani alikwambia kwamba ni mimi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie.

"Ni mimi niliyemtuma. Wakati wa makambi ya kanisa, mchungaji alipoomba, wanaume wote mlivua kofia. Mimi nilifungua macho. Nikaona." Hakuwa akitabasamu. "Kipara si kitu. Baba yangu ana kipara. Lakini miezi saba unakaa kwenye benchi yangu hujawahi kuivua hiyo kofia, hata jua la saa sita. Nikajiuliza, mtu anayenificha kichwa chake, ananificha nini kingine? Binti wa shangazi yangu aliolewa hivyo hivyo. Alipofika kwa mume alikuta mwanamke mwingine anapepeta wimbi uani."

"Na Onsongo?"

"Onsongo amefanya nini?"

"Alikwambia nini alipokuja kushonewa?"

"Alisema mama yake anaumwa. Alisema wewe ndiye unamshikia darasa, na kwamba nikikupata nimepata mtu."

Mvua ilipopungua alijifunga leso yake vizuri na kuuliza, "Kuna kingine unachonificha?"

Nikasema hakuna.

Alikwenda zake akiamini, au akijifanya kuamini. Baba yake mdogo bado anawatafuta wale watano.

Nilimkuta Onsongo sebuleni akipiga pasi shati jeupe la Jumatatu. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Zakaria, ninakutegemea. Utasimama uiambie kamati kwamba darasa langu halijawahi kukaa bila mwalimu. Ni siku moja tu ulipopitiwa."

Hapo nikamwambia. Yote. Mzee Nyakundi, suruali, mluzi, na nililomjibu mwalimu mkuu.

Aliinua pasi ya makaa akaiweka pembeni taratibu ili isiunguze shati.

"Kwa sababu ya nywele?"

Nikasema ndiyo.

"Miezi minne nakula na wewe sahani moja," akasema, "na hukuweza kuniuliza?"

Aliweka nguo zake kwenye mfuko, akalikunja lile shati likiwa limenyooshwa mkono mmoja tu, akatoka. Sikumzuia. Ningemzuia kwa neno gani?

Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu mkuu, nikamkuta akifunga ndama. Nilimweleza. Aliniacha nimalize, kisha akasema barua imekwisha kuwafikia wanakamati na haiwezi kurudishwa. "Njoo Jumatatu uyaseme hayo mbele yao. Lakini jua kwamba mtakuwa wawili. Kumshikia mwenzako darasa miezi minne bila kunijulisha ni kosa pia, na ulinidanganya."

Nimekubali. Nimeyatia sahihi mbele yake kwenye karatasi, ili nisije nikapoa.

Na Kemunto nimemwambia hakuna kingine. Ulikuwa uongo tayari wakati unatoka mdomoni. Jumapili nitakwenda Suneka nimweleze mwenyewe, mbele ya baba yake mdogo. Huenda wakanirudisha nyumbani kabla sijakaa.

Jua limebaki kidogo juu ya kilima. Kesho nitamwomba Mungu anisamehe. Onsongo nitamwomba Jumatatu, nikishamaliza kusema mbele ya watu, na yeye sidhani kama atanijibu upesi.