Mama Ana Homa, Kadi Yake Inasema Hana

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada na naomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na tisa na bado namwogopa mama yangu kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mama ni fundi cherehani, wateja wanamwita Mama Pindo kwa sababu hakuna pindo la suruali lililowahi kumshinda, na tangu mwaka jana anatibiwa saratani ya damu, tunakwenda hospitali anachomwa dawa kwenye mshipa, tunarudi nyumbani, na mimi ndiye mwenye kadi, yaani ile kadi ya kijani ambayo nesi alinipa akaniambia pima joto asubuhi na jioni, andika, na chochote kingine utakachokiona andika, na likifika nyuzi 38 usingoje kesho, njoo saa hiyo hiyo. Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, kuandika vizuri ndiyo kazi yangu, nikaipokea ile kadi kwa mikono miwili.

Sasa mwezi wa pili homa ilimpanda, tukaenda, wakamlaza siku tisa na sindano iliyokuwa inafuata wakaiahirisha wiki mbili, na mama akatoka pale ameshakata hukumu yake mwenyewe, kwamba kila sindano inayoahirishwa ni nafasi unayopewa ugonjwa, ni sawa na kuacha mshono katikati bila kufunga uzi, utafumuka wote. Nikimwambia daktari ndiye anayejua, ananijibu, "Daktari anajua dawa, mimi najua mshono."

Alhamisi iliyopita alikuwa anashona gauni jeupe la mteja, mimi nimekaa pembeni nakata nyuzi, nikaona doa jekundu kwenye kitambaa, na doa linakua, nikasema mama unatoka damu, akaangalia kidole akashangaa kuliko mimi. Sindano ya cherehani ilikuwa imemwingia kidoleni na hakusikia kitu. Ndipo akaniambia ncha za vidole zimekufa ganzi siku nyingi, hata vifungo vya blauzi yake anavifunga kwa kuangalia, na hakumwambia mtu kwa sababu akisema watampunguzia dawa. Damu ilichukua nusu saa kukata, na muda wote huo yeye alikuwa analihangaikia gauni.

Jumapili kidole kikavimba. Jana asubuhi nikampima, 38.4, nikasema mama twende, akasema hatuendi popote, Ijumaa nina sindano yangu na siiachi. Akameza vidonge viwili vya kutuliza homa, akakaa kwenye mashine yake saa nzima akishona huku anatetemeka, kisha akaniita, "Haya, njoo upime sasa." Ikasoma 36.6. Akasema, "Andika hiyo." Nikaandika. Jioni vilevile, na leo asubuhi vilevile. Mara tatu, Shangazi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Na aliniambia, nikimwambia nesi, radhi zake nisizihesabu tena. Nilimpigia kaka yangu anayekaa mbali, akasema msimuudhi mgonjwa, akakata simu. Nakuandikia kwa simu nikiwa dukani, mteja anangoja nakala zake na mimi machozi yananitoka. Nikisema, napoteza radhi ya mama. Nikinyamaza, naogopa hata kumalizia sentensi. Nifanye nini?

Mwenye Kadi ya Kijani

*

Mwenye Kadi, marahaba.

Wasomaji wangu wajue kwamba hili ni jibu la pili. La kwanza nilikupa kwa simu, kwa sababu ujumbe wako ulinifikia saa sita na robo mchana wa Jumanne na namba yako ilikuwa juu yake, na yapo maswali yasiyoweza kungoja gazeti la Jumamosi. Nilikuambia funga duka, mchukue mama, nenda hospitali na kadi. Ukaniuliza, "Na radhi?" Nikakujibu radhi tutaitafuta akiwa hai. Nilikuwa mkali, na sijutii.

Sasa nikugombeze kwa nafasi. Mwanangu, kadi ile si karatasi ya kumfurahisha mama, wala si mtihani wa kufaulu. Ndiyo macho ya daktari ndani ya nyumba yenu. Ukiandika 36.6 mahali pa 38.4 umemfunga daktari kitambaa usoni, kisha Ijumaa unampa sindano amchome mama yako hivyo hivyo, haoni. Mimi si daktari, lakini nina rafiki aliyekuwa nesi wa wodi ya saratani hadi alipostaafu, na nilipomsomea barua yako alisema dawa hizi zinapopiga ugonjwa hupiga na askari wa mwili wanaopigana na vijidudu. Kidole kilichochomwa, ambacho kwako ni plasta na pole, kwa mama yako kinaweza kumuua kwa siku moja au mbili. Homa ndiyo mlinzi pekee aliyebaki mlangoni anapiga kelele, nanyi mkampa vidonge alale.

Nakuonea huruma pia, usidhani sioni. Kumbishia mama mgonjwa ni kazi ngumu, na umeachiwa peke yako. Kaka yako nitamjibu kwa mstari mmoja: mwanangu, asiyekuwepo kumpima mama asitoe amri kuhusu kumuudhi, panda gari uje ushike kipimajoto wiki moja.

Na wewe Mama Pindo, najua utasomewa haya. Hofu yako naielewa. Umeshona maisha yako yote na unajua uzi usiofungwa unafanya nini. Lakini fundi mwenzangu, maana mimi pia nashona ingawa maneno tu, mteja akija kupimwa huku amejibana pumzi ili kiuno kionekane chembamba, gauni likimpasukia kosa ni la nani? Daktari anakata dawa kwa vipimo unavyompa. Mpe vya kweli. Ganzi ya vidole mwambie, maana ndiyo inayomwonyesha kama kipimo cha dawa kibaki, kipungue, au dawa ibadilishwe, na ganzi ikiachwa inaweza isiondoke tena. Ukifa ganzi mikono, utatushonea na nini?

Kwa wote mnaouguza mtu wa namna hii, rafiki yangu ameniomba niseme haya bila kuzunguka. Pimeni joto kabla ya kidonge chochote, na vidonge vya homa au maumivu asimeze mpaka aulizwe nesi, kwani baadhi huongeza kutoka damu. Nyuzi 38 ni safari ya hospitali, hata kama anasema yuko salama. Na dawa ikiwa inaingia mshipani, mkono ukiwaka au kuvimba, aseme pale pale, asijikaze kishujaa, kwa kuwa dawa iliyovuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Wewe Mwenye Kadi ulikuwa na jambo moja zaidi la kufanya, nalo ndilo lililokutia aibu kuliko yote: kumwonyesha nesi kwa kidole, hii ya uongo, hii ya uongo, na hii. Umenipigia Alhamisi ukaniambia umefanya. Nesi hakukugombeza, aliandika tu haraka na kwenda kumwita daktari. Mama amelazwa, anapewa dawa ya kupambana na vijidudu, na sindano ya Ijumaa imeahirishwa kama alivyoogopa. Daktari amekaa kitandani pake akamweleza kwamba kuahirisha si kuacha, kwamba hata fundi kama yeye huweka kazi chini akashika tena uzi pale pale alipoishia.

Ukaniambia mama hakusema na wewe siku mbili, anageukia ukutani ukiingia. Halafu Alhamisi asubuhi akakunyooshea mkono bila kukutazama akasema, "Lete kadi." Akaomba na kalamu. Akazikata zile 36.6 zote tatu kwa mstari, na ya kwanza akaiandikia juu yake 38.4, tarakimu zikiyumba, kwa vidole ambavyo haviisikii kalamu. Akakurudishia kadi na kusema zile nyingine mbili hatukupima kabla ya kidonge, ziache wazi.

Umeniuliza kama hiyo ndiyo radhi. Mimi si mama yako na siwezi kumsemea, ila najua fundi hakurudishii kitambaa kama hataki ukishike tena. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asubuhi ya kwanza mpime kabla ya kidonge, na uandike unachokiona.