Chumba cha Mbele, Kinachotazama Barabara

Tucumcari, New Mexico
Jumanne, 8 Juni 1999

Dada yangu Earline,

Nakusalimu kwa heshima zote za mkubwa wangu, na shemeji Clifton namsalimu vilevile. Natumaini goti lake limepata nafuu baada ya ile sindano, na kwamba wewe mwenyewe presha imetulia. Hata kama imetulia, tafadhali kaa kitini kwanza, maana muhuri wa posta kwenye bahasha hii umeshakwambia kwamba sikukutii. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri, na gari linakwenda.

Nakumbuka yote uliyoniambia kwenye simu mwezi wa Aprili. Ulisema mwanamume wa miaka hamsini na mitatu anayeomba likizo karakana ya mabasi ili apande gari bovu na kufuata barabara ambayo serikali yenyewe imeifuta kwenye ramani, huyo anatafuta kuzikwa na watu asiowajua. Ukasema kwenye barabara ile hatukuacha kitu cha kukirudia. Sikukujibu siku ile kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, na kwa kuwa ulishakata simu. Basi jibu langu ndilo hili.

Kwanza, gari si bovu. Ni Buick Roadmaster ya mwaka 1953, ile yenye meno mbele kama mtu anayekucheka. Nililikuta Gary, Indiana, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, na majirani wa yule mzee aliyeniuzia wakanionea huruma waziwazi. Injini nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu. Rangi yake sasa ni kijani kibichi, na ukilipitisha mtaani kwetu watoto wanaacha mpira.

Chama chetu cha magari ya kale kilianza kupanga safari wakati theluji ingali barazani. Tulikuwa tukikutana sebuleni kwa Bi Jewel Pettway, yule mwalimu mstaafu mwenye Thunderbird nyeupe ambaye hajawahi kukubali kupitwa na mtu. Alikuwa akikaanga kambare, sisi tunatandaza ramani juu ya zulia na kubishana kama watoto. Mmoja anataka kubeba mikanda ya feni ya akiba, mwingine anasema mkanda ukikatika soksi ndefu ya mkeo inatosha. Mimi nilishauri kila mtu abane vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la petroli, ili lisipate joto mlimani na kuzima gari. Walinicheka. Walipofika Oklahoma walikuwa wanatafuta duka la vibanio.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Percival Whitlow, shemasi wa kanisa, mwenye Cadillac ambayo hata peremende hairuhusiwi kuliwa ndani yake. Mpango wake ulikuwa mzuri kwenye karatasi: twende na barabara ya zamani mpaka St. Louis, kisha tuingie barabara kuu mpya tuimalize Missouri yote kwa siku moja bila kusimama, na ya zamani tuikute tena mbele. Alisema magari ya umri huu yanachemka kwenye vile vilima. Nikasema mimi vilima vyote nitavipanda, na kuna mji mmoja kule ambao nataka kulala. Akauliza mji gani. Nilipoutaja, vidole vyote viliondoka juu ya ramani. Dada, wale wazee wote walinielewa. Kila mmoja wao ana mji wake.

Mzee Whitlow akavua miwani. “Roscoe, tunakwenda kustarehe,” aliniambia. “Hatuendi kufukua makaburi.”

“Sifukui kitu, mzee wangu,” nikamwambia. “Nataka kitanda tu.”

Alisema chama hakina mpango wa kulala mji ule, na anayetoka kwenye njia ya chama asitoke na bendera ya chama. Basi nikamrudishia bendera yake pale pale, nikaiweka mezani karibu na sahani ya samaki. Bi Jewel akafuta mikono kwa aproni, akasema yeye tangu azaliwe hajaona Cadillac inayostahili kufuatwa, kwa hiyo Buick inakokwenda na Thunderbird itakwenda. Ndivyo tulivyotoka Chicago tukiwa magari mawili, na wengine wakatoka kivyao.

Mji ule sina haja ya kukuandikia jina lake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Unakumbuka taa nyekundu ya moteli ikisema vyumba vipo. Baba alivaa koti la suti kabla ya kushuka, jua likiwa bado halijazama, akavua kofia kabla hata hajaufikia mlango. Alitoka nayo mkononi vilevile. Akatuambia kumejaa. Hakuwa amemaliza kusema, Wazungu wawili wakasimamisha gari nyuma yetu, wakaingia, wakatoka na ufunguo. Tulikwenda kulala pembeni ya shamba la mtu, wewe una homa, Mama anakupepea na gazeti, mpaka polisi alipokuja kugonga kioo na kutuambia tusogee mbele. Tulifika Los Angeles kwa mjomba, tukarudi nyumbani kwa njia ileile bila kulala kitandani hata mara moja, na Baba akauza gari. Mpaka tunamzika, Illinois hakuvuka tena. Tukimuuliza alikuwa akisema hana safari.

Hilo ndilo tuliloacha kwenye barabara ile, Dada. Wewe umechagua kupita juu yake kwa ndege. Sikulaumu, lakini mimi sikuzaliwa na mbawa.

Tulifika pale Jumatano alasiri. Vilima kweli vilitutesa, rejeta ilitoa mvuke mara mbili, lakini tulifika. Moteli ipo. Ile taa nyekundu ingalipo, herufi nusu zimekufa. Na mbele ya mlango, imeng'aa utadhani imetoka kuoshwa, ilikuwa imesimama Cadillac ya Mzee Whitlow. Alikuwa ametoka barabara kuu na kuwaacha wengine, yeye na mkewe tu. Alifungua buti, akatoa sanduku lake, akasema chakula cha mgahawa wa pale hakina chumvi. Baadaye mkewe alituambia kwamba mji wa mumewe uko Texas. Juzi tulilala huko pia, sote.

Sasa, Dada, nimefika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito, lakini sitaandika kwa kuinamisha kichwa. Aliyeingia ndani ya moteli kuomba chumba si mimi. Mimi nilibaki kwenye gari kwa sababu niliamriwa nibaki. Aliyeingia ni Mama.

Vuta pumzi. Mama yuko nami. Anakaa kiti cha mbele, tangu siku tuliyotoka. Ile Jumapili alipokupigia simu yeye mwenyewe, ukafurahi kwamba wazee wale sasa wanaruhusiwa kupiga simu, alikuwa kwenye kibanda cha simu nje ya kituo cha mafuta, Oklahoma. Yale malori uliyoyasikia, ambayo alikwambia ni televisheni ya jirani yake asiyesikia vizuri, yalikuwa malori.

Na si mimi niliyemtorosha. Kila nilipokwenda kumwona kwenye nyumba ile ya wazee uliyomchagulia alipoanguka, alikuwa akiniuliza habari za gari, mimi nikidhani ananifurahisha tu. Mwezi wa Februari nikampelekea ramani aione. Akaomba miwani, akaweka kidole juu ya ule mji bila kuutafuta. Akasema, “Hapa nalala mimi. Wewe kama unaogopa, niache mlangoni upite kunichukua asubuhi.” Safari ni yake, Earline. Mimi ni dereva. Bi Jewel tu ndiye aliyejua, na daktari wa Mama, ambaye alisema moyo wake ni mzuri kuliko wangu. Asubuhi ya kuondoka alivaa kofia ya Pasaka, akamuaga mkuu wa nyumba. Yule bibi akataka akupigie wewe kwanza. Mama akamwambia, “Earline nilimzaa mimi. Hakunizaa.” Usimgombeze yule bibi, ungekuwa wewe ungemzuia vipi?

Nilimwona Mama kupitia kioo cha mlango. Mwenye moteli siku hizi ni Mhindi mmoja mpole, Bwana Solanki, ambaye mwaka ule pengine alikuwa ananyonya upande mwingine wa dunia. Alitaka kumpa chumba cha nyuma, kwa kuwa ni mtu mzima na nyuma kuna utulivu. Mama akamwambia utulivu ataupata kaburini, anataka chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Kofia hakuivua. Alitoka na ufunguo ameuninginiza kidoleni, akatembea na mkongojo wake mpaka chumbani, akakataa mkono wangu.

Nilidhani atalia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kulia. Yeye aliketi kitandani, akabonyeza godoro, akavuta pazia ambalo halikufika mwisho, akaenda kuchungulia bafu. Kisha akanitazama kama mtu aliyeuziwa nyama mbovu.

“Ndicho hiki?” alisema. “Miaka yote ile Lucius wangu amejifungia nyumbani kwa ajili ya hiki? Hata pazia halifungi.”

Akacheka, Dada. Alicheka mpaka Bi Jewel akaja kutoka chumba cha pili kuuliza kuna nini. Halafu akainama kulainisha shuka kwa kiganja, na aliponyanyua uso macho yalikuwa makavu, lakini sauti haikuwa ile. Alisema, “Baba yako alidhani yeye ndiye aliyepungukiwa.” Akaniagiza nimtolee kiti nje. Akakaa mbele ya mlango na kofia yake, akila pichi la kopo kwa kijiko, akimsalimu kila anayepita kwa gari. Wengi walimpungia mkono. Mzee Whitlow akaleta kiti chake akakaa upande wa kulia, mkewe akakaa kushoto, na mimi nikakaa kwenye bampa ya Buick. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia, na hakuna aliyekuja kutuambia tusogee.

Sasa hasira zako nazijua, nami nitazipokea zote nikifika, mlangoni, nikiwa nimesimama. Utasema ana miaka themanini na mitano. Ni kweli. Utasema angeweza kufa njiani. Nilimwambia hivyo hivyo, naye akaniuliza kama kule kwenye nyumba ya wazee watu hawafi. Sina majuto, na sitayatunga ili kukufurahisha. Sijawahi kumwona Mama akilala usingizi kama anaolala kwenye barabara hii.

Tutafika kwako Los Angeles Jumapili baada ya ibada. Mama anataka usijisumbue na kupika. Anasema ukipika utakuwa na kisingizio cha kubaki jikoni. Anataka ukae tayari ngazini umevaa kofia yako nzuri, tumalizie wote pamoja kipande kilichobaki mpaka baharini. Kiti cha nyuma ni kipana na nimekifanyia ngozi mpya. Cha mbele hakupi, usimwombe.

Bi Jewel anakusalimu. Mzee Whitlow na mkewe wanakusalimu ingawa hamjaonana. Msalimie shemeji, mwambie aje na goti lake hivyo hivyo, nafasi ipo. Mama anasema anakupenda, na anasema pia kwamba tukikuta umefunga mlango tutapiga honi. Ameshaijaribu hapa Tucumcari. Watu wametoka nje, mpaka waliokuwa kwa kinyozi.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeomba radhi safari hii,

Roscoe Tolliver