Kipimo cha Kaka Bryson

Chumbageni, Tanga
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu Anastazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yameshazoea sakafu ya kanisa lenu. Sisi huku hatujambo kwa kadiri Mungu anavyotujalia. Joto la Machi limetushika koo. Baba kifua kinambana asubuhi, lakini kufika mchana yuko barazani anagombana na redio kama kawaida yake. Cherehani yangu inakwenda. Na wewe je, unakula? Jirani yetu Kristina, aliporudi kukutembelea, aliniambia umekonda, nikamjibu kwamba hukuwahi kunenepa hata ulipokuwa ukipikiwa na mimi.

Nimempa Kristina barua hii akukabidhi mkononi, wala isipite kwa Sista mlezi. Najua wanovisi simu hamruhusiwi, na barua zenu husomwa kwanza. Nisamehe kwa kukubebesha siri ndani ya kuta hizo takatifu. Isome ukiwa peke yako, na ukimaliza ichome.

Jumamosi iliyopita tumemzika Kaka Bryson. Kaa chini, usilie bado, endelea kusoma. Mwili haukupatikana. Tumemzika kwa mgomba, kule kwetu Gare, kando ya kaburi la Mama.

Alipopotea wewe ulikuwa shule ya bweni, na wakubwa walikueleza nusu nusu kama wanavyowaeleza watoto. Basi nikueleze mimi, tangu mwanzo.

Unaukumbuka mlango wetu wa uani. Kaka alipoanza kurefuka alikuwa akijigonga paji la uso pale kila siku, mpaka Mama akamfundisha kutanguliza kiganja juu ya mlango kabla ya kuingiza kichwa. Akakua na desturi hiyo. Hata kanisani aliinua mkono, ingawa mlango wa kanisa hata yeye hakuufikia, na watu wakadhani ni ibada yake mwenyewe. Kila Krismasi Baba aliahidi kuupandisha mlango ule, na kila Krismasi fundi alikuwa na udhuru.

Huko sekondari mwalimu mmoja alimwona akifunga balbu ya darasa bila kupanda kiti, akampa mpira wa kikapu. Kutoka hapo hakushikika. Akachukuliwa Dar, kisha Kigali, kisha Tunisia, analipwa kwa kucheza. Sisi tuliobaki tulijifunza majina ya miji kwa kufuata miguu yake. Baba alibandika picha yake sebuleni juu ya ile ya Baba Askofu, nikamwambia ni dhambi, akasema Askofu hajui kudaka. Hata Mama alipoanguka bombani na ndoo yake, akafa kabla hatujamfikisha hospitali, Baba alilia akishika jezi ya Kaka, maana mwenyewe alikuwa mbali.

Pasaka ya mwaka juzi akarudi likizo. Kila alikopita vijana walimrushia mpira, naye akaurudisha kwa mkono mmoja akisema kifundo cha mguu kinamuuma. Baba hakusikia hilo la kifundo. Alikwishapanga na vijana mechi ya kumkaribisha, akawaalika mpaka mapadre. Siku moja kabla ya mechi Kaka alisema anakwenda Mwera kumsalimia Sele, rafiki yake aliyesoma naye, ambaye sasa ni mwalimu huko. Hakurudi tena.

Vitu vyake vilikutwa ufukweni: viatu vyake ambavyo hakuna mwingine wa kuvivaa Tanga nzima, shati, na suruali niliyomshonea mwenyewe, vyote vimekunjwa vizuri. Wavuvi walizamia mpaka wakachoka. Polisi walimshika Sele kwa sababu ndiye wa mwisho kuonana naye, wakamhoji, wakamwachia. Mtaa haukumwachia. Wapo waliosema kamuua kwa wivu, wapo waliosema jini la pwani limempenda Kaka kwa urefu wake. Mimi nami, nakwambia ukweli, nilipokutana na Sele sokoni nilikuwa nageuza uso.

Mwaka huu, baada ya Krismasi, kifua cha Baba kilizidi. Akaanza kusema hawezi kufa huku mwanawe yuko nje, hana kaburi wala msalaba. Baba mdogo Mathew akashuka kutoka Gare na wazee wawili, wakakaa naye siku nzima, wakakata shauri kwamba Bryson azikwe kwa mgomba, kama wanavyozikwa kwetu waliopotea bila mwili. Padre alikubali kumwombea marehemu misa, lakini akasema mgomba hautambui. Baba mdogo akamjibu kwa adabu kwamba hakuna aliyemwomba autambue.

Sheria ya jambo hili huenda huijui, nami nilikuwa siijui. Mgomba hukatwa na nduguye aliyemfuata ziwa, yaani mimi. Aliyezikwa hivyo amekufa, mwisho. Hata akija kwa miguu yake mwenyewe hapiti tena mlango wa kwao, hapewi maji, na jina lake hupewa mtoto mwingine. Kisha Baba mdogo akanitazama na kunisisitiza jambo moja mbele ya wote: "Mgomba uwe sawa na urefu wake. Ukipungua, umemzika mtu mwingine." Wakafurahi kwamba mimi ni fundi nguo na kipimo cha Kaka ninacho kichwani.

Habari zikaenea. Juma lile lile Sele akaja kibarazani ninaposhonea. Nikaendelea kukanyaga cherehani kana kwamba sijamwona. Akangoja mpaka uzi ulipokatika, ndipo akasema, "Dada Devota, kabla hamjazika, nenda Horohoro ukanywe chai kwa Mwanasiti." Akaondoka.

Anastazia, sijui niliwezaje kufika mpakani siku ile. Nilimuaga Baba kwamba nafuata vitenge. Kondakta alinidai nauli mara mbili ndipo nikamsikia. Hoteli ya Mwanasiti ni kibanda cha bati kando ya maegesho ya malori. Nikaagiza chai, sikuweza kuinywa. Watu wakaingia, wakatoka. Halafu mlangoni pakatokea kiganja, kiganja tu, kikashika mti wa juu ya mlango, ndipo kichwa kikainama na kuingia.

Nililia pale pale mbele za watu. Yeye akasimama na mfuko mdogo wa mkaa mkononi, asijue auweke wapi.

Ni mzima. Ndiyo, mdogo wangu, Kaka yetu ni mzima. Wanamwita Safari, na kwa urefu ule wanamdhania Msudani, naye hakuwasahihisha. Angekuwa mchezaji wa mpira wa miguu asingevuka hata Amboni bila kujulikana, lakini kikapu nani anakitazama? Anamsaidia Mwanasiti hotelini, kazi nyepesi nyepesi, kwa kadiri ya pumzi zake.

Nilimpokea kwa maneno makali kwanza. Nilimuuliza kama anajua Baba amekuwa mtu wa namna gani, na Sele amebeba nini kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Ndipo akaniambia kwamba kule Tunisia alizimia mazoezini, na daktari wa timu akamkuta na ugonjwa wa misuli ya moyo. Akikimbia, moyo unaweza kusimama wakati wowote. Daktari akasema aghalabu hurithiwa, akamuuliza kama kuna mtu kwao aliyekufa ghafla. Unaelewa sasa Mama alianguka kwa nini.

Akaja nyumbani akidhamiria kutuambia. Lakini Baba mpaka leo anajilaumu kwa kumwacha Mama abebe ile ndoo, na Kaka akaona hawezi kumwambia kwamba jambo lile lile limemfuata mwanawe. "Kila anayeniona ananirushia mpira, Devota," akasema. "Nikiudaka nakufa. Nikiuacha, Baba anakufa kwa huzuni." Sele ndiye aliyemfikisha mpakani, kisha akaenda kuziweka zile nguo ufukweni.

Nilimweleza habari ya mgomba. Akasema tuzike, Baba apumzike. Nikamweleza na sheria yake, kwamba hataingia tena kwetu. Machozi yakamdondokea kikombeni. Akaniapisha nisimwambie Baba, nami nikaapa. Kukuhusu wewe sikuapa lolote, na hili sikuombi kwa upole: mwombe Sista mlezi akupeleke ukapimwe moyo. Mwambie mama yako alikufa ghafla, hiyo inatosha, tena ni kweli. Mimi nimekwishapimwa, niko salama.

Sasa hili la mwisho. Alfajiri ya Jumamosi walinipa panga, nikaingia migombani peke yangu kama desturi inavyotaka. Niliulaza mgomba chini, nikapima. Kipimo cha Kaka nakijua kuliko ninavyojua sala ya Nasadiki. Nikapunguza shibiri nzima, na kidogo juu yake, ndipo nikakata. Sikuweza kumfungia mlango, Anastazia. Tukauvika sanda. Baba mdogo Mathew aliukagua akaridhika, maana yeye mwenyewe ni mfupi, kwake kila kitu ni kirefu. Lakini Baba aliomba kuachwa nao kabla haujatolewa. Nilibaki mlangoni. Alipitisha kiganja juu ya sanda kutoka kichwani mpaka miguuni, taratibu, akarudia tena. Kisha akanitazama. Nikainamisha macho. Nilidhani atawaita wazee. Akasema tu tutoke, watu wanasubiri.

Tulirudi Tanga Jumapili. Jana nimeamshwa na nyundo. Nimetoka uani nikamkuta fundi amebomoa ukuta juu ya mlango, na Baba amekaa kitini anamsimamia, vumbi limemjaa kichwani. Nikamuuliza mlango anaupandishia nini sasa. Alikohoa, akangoja pumzi irudi.

"Yule tuliyemzika angepita mlango wa zamani bila kuinama," akasema. "Huu namwekea mwanangu."

Hakuniuliza kitu, nami sikuvunja kiapo. Kesho kutwa nakwenda Horohoro kufuata vitenge.

Nisalimie wanovisi wenzako wote. Baba anakusalimu sana, anasema umwombee kifua. Kristina akirudi, mpe jibu moja tu, kwamba umepimwa. Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Devota Ernesti